Nilimkuta au Nilimkata

Tinde ni njiapanda. Ukitoka Nzega ukafika pale, njia moja inaendelea Shinyanga mpaka Mwanza, nyingine inashika Isaka na Kahama kuelekea Rwanda na Burundi. Malori hayalali. Mama yangu alikuwa na kibanda cha chai, chapati na supu kando ya maegesho, na ada yangu ya chuo ilitoka humo, noti moja moja zenye harufu ya mafuta ya kupikia. Dereva akimuuliza yule binti aliyekuwa akiosha vikombe yuko wapi siku hizi, mama alijibu bila kugeuka: "Yuko Tabora, anasomea kuandika kesi."

Haikuwa sahihi sana. Nilikuwa nasomea uhazili. Lakini sikumsahihisha, kwa sababu na mimi nilidhani hivyo hivyo. Kwenye filamu za Kimarekani tulizotazama banda la video, kila penye kesi kulikuwa na mwanamke aliyekaa chini ya jaji, haongei, vidole vinacheza juu ya kimashine kidogo, na kila neno linalosemwa linaingia mle. Wenzangu walikuwa wanamtazama wakili. Mimi nilikuwa namtazama yule mama wa kimashine.

Nilimtazama kwa sababu ya bibi.

Bibi, mama mzaa baba, alikuwa na kesi ya ardhi. Nyumbani tuliiita kesi ya ngitili. Kwa ambaye hakukulia Usukumani: ngitili ni kipande cha malisho ambacho kaya hukifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue na miti ijirudie, kisha hukifungua kiangazi kikikaza, kwa ajili ya ndama na ng'ombe waliodhoofu. Mara nyingi hakina uzio. Mpita njia ataona nyasi ndefu na migunga tu, lakini kila mtu kijijini anajua ni ya nani. Shinyanga ilipokuwa imebaki ardhi tupu, baada ya miaka mingi ya kufyeka miti kuwaondoa mbung'o na kupisha pamba, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudi kwenye ngitili hizi hizi za wazee na kuzifufua. Kwa hiyo kuiita ngitili pori ni sawa na kuiita akiba ya mtu benki pesa za kuokota.

Bibi alitoa ushahidi mbele ya baraza la ardhi, la wilaya ambayo siitaji. Mimi ndiye niliyemsindikiza, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuliza bei na kuagana, hakikutosha kusimama mbele ya watu. Akaomba kusema Kisukuma. Akatafutwa wa kutafsiri, akapatikana kijana aliyekuwa nje kwa shughuli zake mwenyewe. Bibi anasema, kijana anageuza kwa Kiswahili, mwenyekiti anaandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kwa kuwa sheria ya mabaraza hayo wakati ule ilitaka kumbukumbu na hukumu viwe kwa Kiingereza. Lugha tatu, kalamu moja. Kila baada ya sentensi mbili mwenyekiti aliinua mkono wa kushoto: subiri. Bibi akasubiri. Akisubiri, alisahau alipofika. Akiruhusiwa kuendelea, alianzia pengine.

Alizungumza karibu saa nzima. Tulipopata nakala ya mwenendo wa shauri, ushahidi wake ulikuwa nusu ukurasa. Mwalimu mmoja wa sekondari alitusomea na kututafsiria, na alipofika katikati nikamwambia arudie. Mahali bibi aliposema ngitili paliandikwa pori. Shahidi alisema eneo lilikuwa pori. Hukumu nayo ikaja kulishika neno hilo hilo: shahidi mwenyewe amekubali lilikuwa pori.

Baba alitaka kukata rufaa. Akaenda kuuliza kwa wakili mjini, akarudi jioni, akakaa juu ya kigoda bila kuvua kofia. Ameambiwa kwamba huko juu kwa kawaida hawamwiti tena bibi kumsikiliza upya. Wanasoma kilichoandikwa. "Sasa kilichoandikwa ndicho hicho," baba akasema. Na pesa ya kujaribu haikuwepo.

Basi mimi nikasema moyoni, nitakuwa yule mama wa kimashine.

*

Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, watu wa mjini bado wanakiita Chuo cha Uhazili, jina lake la zamani. Nilifika na ndoo, godoro na kamusi. Kulikuwa na masomo ya ofisi, utunzaji wa majalada, kompyuta, kuchapa bila kutazama vidole. Lakini somo lililotuliza wengine na kuwarudisha wengine makwao lilikuwa hatimkato.

Ukitazama matangazo ya kazi za serikali utakutana na sharti hilo: mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika, kwa ngazi nyingine maneno 100. Watu husoma wakapita. Mimi nilijipima siku ya kwanza kwa mwandiko wa kawaida, nikikazana mpaka kidole kikaota alama, na sikuvuka maneno 30. Ndipo nilipomwelewa yule mwenyekiti na mkono wake wa kushoto. Hakuwa na dharau. Alikuwa anazama.

Hatimkato tuliyofundishwa ilikuwa ya ukoo wa Pitman, Mwingereza aliyechapisha mfumo wake mwaka 1837. Unaandika sauti, huandiki herufi. P ni mstari mwembamba ulioinama. B ni mstari huo huo ukiukandamiza uwe mnene. T imesimama, nyembamba. D imesimama, nene. Irabu ni vidoti na vistari vya pembeni, na ukiwa na haraka unaviacha, unategemea mifupa ya konsonanti na mahali neno lilipokaa juu ya mstari wa daftari.

Sasa ondoa irabu kwenye Kiswahili uone. Baba, babu, bibi, bubu: mifupa ni ile ile, B na B. Mahali pa neno kwenye mstari panakusaidia kumjua bibi, maana irabu yake ya kwanza ni nyingine, lakini baba na babu wanakaa pamoja kama mapacha mpaka ukumbuke kutia irabu ya mwisho. Siku moja mwalimu alitusomea imla ya kesi ya mirathi, ya kutunga: babu alimpa baba shamba, baba akalitunza kwa niaba ya bibi. Tulipogeuza daftari zetu kuwa maandishi ya kawaida, darasa zima lilikuwa limegawa lile shamba kwa njia tofauti. Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka.

Alikuwa mama wa makamo aliyeanza kazi enzi za taipureta, mwenye methali moja tu, "mali bila daftari hupotea bila habari", na kanuni moja tu. Ukipitwa na neno, acha nafasi. Usirudi nyuma, usisimame, usijaze. Acha nafasi uendelee, halafu ukauliza. Kwenye kusahihisha, nafasi tupu alikata alama moja. Neno la kubuni, hata kama linaleta maana nzuri, alikata alama tatu. Tukalalamika: mwalimu, mbona mtu aliyejaribu ndiye anayeadhibiwa zaidi? Akasema, "Nafasi tupu mtu ataiona aulize. Uongo uliokaa vizuri nani atauona?"

Nilifaulu 80, kisha 100. Wale wa 120 walikuwa wachache na tuliwaogopa. Huko Marekani, nilikuja kusoma baadaye, wanaosomea kazi ile ya kimashine kwenye vyuo vya kawaida vya jamii hutakiwa kufikia maneno 225 kwa dakika kwa maswali na majibu, na kimashine chenyewe kina vitufe 22 tu, unavibonyeza kadhaa kwa pamoja kama kinanda. Wengi huacha njiani. Sikuwaonea wivu. Kwa kalamu ya risasi niliona 100 si haba.

*

Fildi nikaomba mahakamani. Nilikwenda na daftari jipya lenye mstari katikati na kalamu nne zilizochongwa.

Hapakuwa na kiti. Namaanisha hivyo hivyo. Ukumbini kulikuwa na mahali pa hakimu, pa karani, pa mwendesha mashtaka, kizimba, mabenchi. Pa kuandika kila neno hapakuwepo, kwa sababu aliyekuwa anaandika alikuwa hakimu mwenyewe. Alikuwa anauliza, anasikiliza, anamwangalia shahidi usoni, anatuliza mabenchi, na huku anaandika. Mimi nilipelekwa chumba cha nyuma kuchapa alichoandika. Hatimkato yangu ya maneno 100 ilikwenda kukaa mkobani.

Nilidhani nimepotea njia. Kumbe kazi ilikuwa hapo hapo.

Jambo la kwanza nililojifunza chumbani mle ni kwamba maswali hayamo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema ushahidi kwa kawaida uandikwe kama masimulizi, usiandikwe kama swali na jibu. Kwa hiyo shahidi akijibu maswali kumi na mawili ya dodoso, jalada linamwonyesha kama mtu aliyesimama akahadithia mwenyewe. Na Kiswahili chetu kina mtego hapo. Wakili anauliza: "Usiku ule hukumwona vizuri?" Shahidi anajibu: "Ndiyo." Sisi tunaelewa amekubali kwamba hakumwona. Lakini geuza jibu lile liwe sentensi kamili, tena kwa Kiingereza, kalamu ikiwa imechelewa sentensi mbili nyuma. Ndiyo, nilimwona. Au: sikumwona. Ndiyo ile ile moja, na kati yake kuna mtu kizimbani.

Jambo la pili lilikuja wiki ya tatu. Nilipewa jalada la mahakama ya mwanzo, kesi ya kujeruhi, nakala imeombwa kwa ajili ya rufaa. Mahakama za mwanzo zinaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo nilikuwa nachapa kwa raha, SM1, SM2, SM3, mpaka nikafika kwenye utetezi. Mwandiko ulikuwa umechoka; ukiutazama unajua ilikuwa saa nane mchana. Nikachapa: Nilimkata na panga shambani kwangu, nikapiga yowe.

Nikaendelea mistari miwili, nikasimama. Mtu aliyemkata mwenzake ndiye apige yowe? Inawezekana. Watu hufanya mambo. Nikarudi kwenye karatasi. Ile herufi baada ya K ilikuwa na tumbo lililofunguka juu. Inaweza kuwa A iliyoandikwa kwa haraka. Inaweza kuwa U.

Nilimkata na panga. Nilimkuta na panga.

Nataka kusema ukweli hapa. Nilichapa "nilimkata" bila kufikiri, kwa sababu kesi ilikuwa ya kukatana panga, mashahidi watatu walikuwa wameshasema kukata, na macho yangu yalikuwa yameshazoea. Hakuna aliyenidanganya. Ni mimi niliyejaza nafasi.

Nikafuta neno, nikaacha pengo, nikachukua jalada. Karani akaniambia hakimu wa shauri lile anakuja pale siku ya Alhamisi kwa kikao, nisubiri. Wakili wa rufaa alikuwa anataka nakala Jumatano. Nikasema nitasubiri. Hee, binti wa fildi anachelewesha nakala! Nilisemwa siku mbili.

Alhamisi hakimu akafika, mtu mzima, mpole. Nikampigia goti kidogo kama tunavyosalimia kwetu, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akageuza ukurasa wa nyuma, akasoma, akarudi.

"Nilimkuta," akasema. "Alisema alimkuta. Utetezi wake wote ndio huo."

Akaniuliza ni mimi niliyeona? Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Akatoa kalamu, akaindika upya ile U pembeni, akatia sahihi, akarudisha jalada. Hatukuongea zaidi. Sikuwahi kujua rufaa ile iliishaje, na wala mwenye utetezi ule hakujua kwamba kwa siku moja, ndani ya kompyuta ya chumba cha nyuma, alikuwa amekiri kosa.

*

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike haya.

Sheria hiyo hiyo ya jinai, katika kifungu tulichokuwa tukikiita 210, inamtaka hakimu amweleze kila shahidi kwamba ana haki ya kusomewa ushahidi wake baada ya kuandikwa, na shahidi akiwa na la kusema juu yake, nalo liandikwe. Nilikichapa kifungu kile mara nyingi kuliko jina langu. Mwisho wa karibu kila shahidi kulikuwa na mstari mfupi kwamba kifungu kimezingatiwa. Na baada ya mstari ule, hakuna kitu. Katika majalada yote niliyochapa miezi ile sikukutana na shahidi mmoja aliyesema: hapo sivyo, mimi sikusema hivyo.

Siwalaumu mahakimu. Nimekaa mabenchi yale. Shahidi amepanda basi alfajiri, hajala, ameulizwa maswali na mtu mwenye tai, anataka kushuka kizimbani. Ukimwuliza "usomewe?", atasema hapana mheshimiwa, inatosha. Anadhani akikubali atakuwa anamtilia hakimu mashaka, na kwetu mtu mzima humtilii mashaka usoni. Hajui kwamba anaombwa kuangalia kama herufi baada ya K ina tumbo.

Mambo yamebadilika tangu hapo, na nafurahi. Mwaka 2021 Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama na mabaraza, ikiacha mlango kwa Kiingereza pale haki inapohitaji. Siku hizi Mahakama imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa, ili hakimu aweke kalamu chini amtazame shahidi. Watu wananipigia simu kwa utani: dada, hatimkato yako imekwisha. Nawajibu, haikuwahi kuanza.

Lakini mfumo husikia lugha uliyofundishwa, na bibi alisema Kisukuma. Hata leo angepita kwanza kwa mtu wa kumtafsiria, na neno ngitili lingepotea kwenye mdomo wa yule kijana kabla ya kufika kwenye kinasa chochote. Kinachoweza kuliokoa ni kile kile cha zamani: mtu kumsomea maneno yake, polepole, kwa lugha yake, na yeye kuthubutu kusema sivyo. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiitwa ushahidi, au ukimsindikiza mama yako, mwambieni hakimu kwa heshima: naomba nisomewe. Si utovu wa adabu. Ni sheria.

*

Nilipomaliza chuo nilirudi Tinde wiki mbili kabla ya kuanza kazi kwa wakili mmoja, kazi ninayoifanya hadi sasa. Kesi ya ngitili ilikuwa imeshakufa siku nyingi, na aliyeshinda alikuwa ameshakata migunga yote akachoma mkaa. Jioni moja nilichukua daftari, nikakaa na bibi nje, nikamwambia: nieleze yote uliyowaeleza wale, kwa Kisukuma, mimi naandika. Akaniuliza kwa ajili ya nani. Nikasema kwa ajili yetu.

Akasema. Sikuinua mkono hata mara moja. Nilipopitwa niliacha nafasi. Aliposimama kupumzika, nikamwuliza zile nafasi, nikazijaza kwa maneno yake. Halafu nikamwambia, sasa nakusomea. Akashangaa. Watu walikuwa wamemuuliza maswali mengi maishani, lakini hakuna aliyewahi kumsomea.

Nilisoma ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Ukurasa wa pili nikasoma kwamba ngitili ile ilifungwa mara ya kwanza na baba, yaani baba yangu, baada ya mifugo kupungua.

"Mayu, hapana," akasema. "Si baba yako. Ni babu yako. Baba yako alikuwa mgongoni kwangu."

Nikatazama daftari. B na B, mstari ule ule, na kistari cha mwisho hakipo. Nikakitia. Akanigusa goti kwa kidole, akasema, "Rudia kusoma pale mwanzo."